Kodi ya Wapangaji Inalisha Riba: Hesabu ya Nyumba za Mkopo Hapa Kibamba

Na Mwandishi Wetu

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, sahaba zake na wote wanaofuata mwendo wake hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Ijumaa moja baada ya swala, ndugu yetu mmoja alinifuata katika baraza ya msikiti hapa Kibamba akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ametoka katika semina ya uwekezaji, moja ya zile zinazofanyika siku hizi katika kumbi za hoteli kuanzia Mbezi hadi Kibaha, ambako mhudhuriaji hulipa kiingilio, hupewa maji ya chupa na kalamu, kisha hufundishwa namna ya kuwa tajiri. Katika karatasi ile aliandikiwa hesabu fupi. Ana kiwanja chenye hati, alichokinunua kwa mafao ya miaka 20 ya utumishi. Akiweka hati ile rehani benki atapata mkopo, atajenga nyumba za kupangisha, wapangaji watalipa mkopo, na baada ya miaka 10 nyumba itabaki kuwa mali yake. Chini ya karatasi palikuwa na maneno yaliyopigiwa mstari: mpangaji ndiye atakayekulipia deni.

Akaniuliza, "Sheikh, hesabu hii ina kasoro gani?" Sikumjibu siku ile. Nilimwomba aniachie karatasi, nikakaa nayo juma zima. Makala haya ndiyo jibu lake, na kwa kuwa naamini si yeye peke yake aliyepewa karatasi kama ile, nimeona jibu hili liwe la jamaa wote.

Mtego umetegwa wapi

Si ajabu kwamba Kibamba imekuwa windo. Miaka michache tu iliyopita eneo hili lilikuwa mashamba ya mihogo na miembe katika ukingo wa Kinondoni. Leo ni sehemu ya Manispaa ya Ubungo. Hospitali ya Mloganzila imeleta madaktari, wauguzi na wanafunzi. Kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilihamia Mbezi Luis mwaka 2021, na Barabara ya Morogoro kutoka Kimara kwenda Kibaha imepanuliwa. Watu wanahitaji vyumba, na mwenye nusu eka Hondogo au Kibwegere anaonekana kama mtu aliyekalia dhahabu asiyejua kuichimba.

Wakati huo huo milango ya mikopo imefunguliwa kwa sheria. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria maalumu ya mikopo ya nyumba iliyomrahisishia mkopeshaji kuuza nyumba ya mdaiwa aliyeshindwa kulipa. Mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya TMRC, ambayo kazi yake ni kuyapatia mabenki fedha za muda mrefu ili nayo yakopeshe wanunuzi na wajenzi wa nyumba. Riba ya mikopo hii kwa miaka ya karibuni imekuwa kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Msomaji aishike takwimu hii, maana ndiyo ambayo karatasi ya semina haikuitaja hata mara moja.

Tufanye hesabu pamoja

Waislamu tumezoea kuambiwa kuwa riba ni haramu, tukaitikia, kisha tukatoka msikitini tukiamini moyoni kuwa ni haramu yenye faida, kwamba anayeiacha anapata thawabu lakini anakosa nyumba. Dhana hii ndiyo inayowaangusha wengi. Basi kwa leo tuiweke fatwa pembeni kwa dakika chache, tushike kalamu tuliyopewa kule semina.

Tuchukue mfano wa ndugu yetu. Kiwanja chake tukithamini kwa shilingi milioni 15, na akiba yake mkononi ni milioni 5. Anakopa milioni 60 kwa riba ya asilimia 17 kwa miaka 10. Anajenga nyumba tano ndogo, kila moja ina chumba, sebule, jiko na choo cha ndani. Jumla ya mtaji uliozama pale ni milioni 80. Kila nyumba anaipangisha kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Zote tano ni 750,000, sawa na milioni 9 kwa mwaka.

Mwalimu wa semina huishia hapo. Hugawanya milioni 9 kwa milioni 80, akapata asilimia 11 na kidogo, akapigiwa makofi. Sisi tuendelee.

Kila mwenye nyumba Dar es Salaam anajua kuwa mpangaji huhama, chumba hupakwa rangi, dalali huleta watu wasiofaa, na mwezi hupita. Tukikadiria kila nyumba inakaa tupu mwezi mmoja tu kwa mwaka, tunapoteza 750,000, zinabaki 8,250,000. Kodi ya zuio ya serikali juu ya pango ni asilimia 10, yaani 825,000, zinabaki 7,425,000. Matengenezo ya mabati, mabomba na milango, pamoja na gari la kunyonya maji taka, tuyape 900,000 kwa mwaka. Kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU tangu mwaka 2021 na kodi ya ardhi tuzipe 100,000. Kinachobaki ni shilingi 6,425,000. Gawanya kwa milioni 80: ni asilimia 8.

Hapa ndipo siri yote ilipo. Kila shilingi 100 aliyoikopa ndugu yetu inamzalia shilingi 8 kwa mwaka, na inamdai riba ya shilingi 17. Mtu anayenunua embe kwa 17 na kuliuza kwa 8 hahitaji sheikh wa kumwambia afunge genge lake.

Sasa tutazame marejesho. Mkopo wa milioni 60 kwa masharti hayo hurejeshwa kwa takriban shilingi 1,043,000 kila mwezi. Katika mwezi wa kwanza, 850,000 kati ya hizo ni riba tupu, na deni lenyewe hupungua kwa 193,000 tu. Kwa mwaka analipa 12,516,000. Wapangaji wamemletea 6,425,000. Zilizobaki, 6,091,000, yaani zaidi ya laki tano kila mwezi, zinatoka mfukoni mwake. Je, ni mpangaji anayemlipia deni?

Tuifikishe hesabu mwisho wa safari. Kwa miaka 10 ameilipa benki shilingi 125,160,000. Ukiondoa milioni 60 alizokopa, riba peke yake ni 65,160,000. Na kodi yote safi ya wapangaji wake watano kwa miaka hiyo 10 ni 64,250,000. Kwa hiyo kila senti iliyotoka kwa wale wapangaji, kwa miaka 10 kamili, imemezwa na riba, na riba ikadai nyongeza. Yeye mwenyewe ametoa kiwanja na akiba vyenye thamani ya milioni 20, akaongeza takriban milioni 61 mfukoni. Jumla milioni 81, kwa jengo la milioni 80! Nyumba amejijengea mwenyewe kwa jasho lake. Kwa muda wote huo alikuwa mkusanya kodi wa benki asiyelipwa mshahara.

Na katika hesabu hii tumemfanyia hisani kubwa. Tumejifanya nyumba zilikamilika siku aliyopokea mkopo, wakati ujenzi huchukua miezi na riba haisubiri fundi. Hatukuhesabu ada ya mthamini, ya wakili, ya usajili wa rehani wala bima.

Hoja za watetezi

Watetezi watasema kodi za pango hupanda. Haya, tuzipandishe. Tuseme kodi safi inaongezeka asilimia 5 kila mwaka bila kukosa. Kwa miaka 10 atakusanya takriban milioni 81, na bado milioni 44 zitatoka mfukoni mwake. Hata katika mwaka wa 10 kodi safi itakuwa chini kidogo ya milioni 10, wakati marejesho ni milioni 12 na nusu. Hakuna hata mwaka mmoja ambao nyumba itajilipia yenyewe.

Watasema thamani ya kiwanja itapanda. Ni kweli, huenda ikapanda. Lakini kiwanja kilikuwa chake kabla hajaingia benki, na kingepanda thamani hata kama angepanda migomba. Barabara na hospitali ndizo zilizokipandisha. Mkopo haukuchangia chochote. Isitoshe, thamani hiyo hailiki mpaka auze, na yeye aliambiwa anajenga ili awaachie watoto.

Watasema mbona Wazungu na Wamarekani wametajirika kwa njia hii, na watakutajia vitabu vya Robert Kiyosaki vinavyouzwa hadi kwenye foleni za magari, vinavyofundisha kuwa kuna deni zuri na deni baya. Ujanja wa kutumia fedha ya mkopo kukuza faida hufanya kazi pale tu kodi safi ya nyumba inapozidi riba. Katika nchi ambako riba ya nyumba iliwahi kuwa asilimia 3 au 4 jambo hilo liliwezekana kimahesabu. Kunakili somo la nchi yenye riba ya 4 na kulihubiri katika nchi yenye riba ya 17 ni sawa na kuvaa koti la baridi ya London katika jua la Kibamba. Na hata huko kwao, mwaka 2007 na 2008, mamilioni ya familia za Marekani zilipoteza nyumba au zikaburutwa ukingoni mwa kuzipoteza, na moto ule ukaunguza dunia nzima.

Mizani ya Sharia

Sasa turudi kwenye fatwa tuliyoiweka pembeni, na tusieleweke vibaya. Hata kama hesabu ingetoka na faida ya mamilioni, riba ingebaki kuwa haramu. Hatuiachi kwa sababu hailipi. Tumeonyesha hesabu ili kuvunja uongo kwamba Allah (s.w.t.) ametuzuia jambo lenye kheri nasi.

Suratul-Baqara, kuanzia aya ya 275 hadi ya 281, imetenganisha wazi baina ya biashara na riba, ikawajibu wale waliodai kuwa ni kitu kimoja, na ikawatangazia vita wasioiacha. Katika hadithi ya Jabir (r.a.) iliyomo katika Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w.) amemjumuisha katika laana mla riba, mlipaji, mwandishi na mashahidi wawili, na akasema wote hao wako sawa. Angalia, ndugu yangu, kwamba mlipaji yumo. Hawezi kusema, "Mimi nimedhulumiwa tu."

Aidha, iko kanuni itokanayo na hadithi ya Mtume (s.a.w.), ambayo mafakihi wameijengea milango mingi: haki ya kupata mapato ya mali huenda pamoja na dhima ya hasara yake. Kanuni hii wakazi wa Barabara ya Morogoro wameiona kwa macho. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kutoka Kimara kupita Mbezi na Kibamba hadi Kiluvya, zikidaiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara ya mita 121.5 kila upande. Tujiulize: iwapo nyumba ya mkopo inaangushwa na tingatinga, mkopo nao huanguka? Ukuta huwa kifusi kwa siku moja, na tarehe ya marejesho hufika vile vile mwisho wa mwezi. Aliyekopesha alikuwa na haki katika kodi ya kila mwezi, lakini hakuwa na sehemu katika kifusi. Hiyo ndiyo dhulma iliyoharamishwa, na haihitaji Kiarabu kingi kuielewa.

Wapo wanaojificha nyuma ya dharura. Wanataja uamuzi wa Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti la mwaka 1999, lililowaruhusu Waislamu wa Ulaya kununua nyumba kwa mkopo wa riba. Wanachuoni wengi waliupinga uamuzi ule, lakini hata tukiuchukua kama ulivyo, ulihusu nyumba ya kuishi mtu na ahli zake, asiye na nyingine wala njia nyingine. Haukuhusu nyumba tano za kupangisha. Ni dharura gani anayo mtu mwenye paa juu ya kichwa chake na kiwanja chenye hati sandukuni? Kwa upande mwingine, Majmau ya Utafiti wa Kiislamu ya Al-Azhar mwaka 1965, na Majmau ya Fiqhi ya Kimataifa iliyokutana Jeddah mwaka 1985, zote ziliamua kuwa riba ya benki ni ile ile riba iliyoharamishwa.

Neno kwa wenzetu wa benki za Kiislamu

Haki lazima isemwe hata kwa jamaa zetu. Tulishangilia, na tulistahili kushangilia, Benki ya Amana ilipofungua milango mwaka 2011, na mabenki mengine yalipoanzisha madirisha yanayofuata Sharia. Lakini muamala ukiwa wa murabaha, ambao benki hununua vifaa na kukuuzia kwa bei ya juu kwa malipo ya muda mrefu, basi mkataba unaweza kuwa halali na bado hesabu ikawa ya kukuangamiza. Ikiwa nyongeza ya bei inalingana na asilimia 16 kwa mwaka na nyumba inazaa 8, umeepuka dhambi lakini hujaepuka hasara. Muislamu anatakiwa kuwa mchamungu na mwenye akili kwa pamoja.

Tunachowadai wenzetu hawa ni ushirika wa kweli: benki na mwenye kiwanja wamiliki jengo kwa hisa, wagawane kodi kwa hisa na hasara kwa hisa, na mwenye kiwanja anunue hisa za benki kidogo kidogo. Hapo benki nayo itakaa chini ipige hesabu ya vyumba vitupu na tingatinga, badala ya kutuachia sisi peke yetu.

Njia ya anayesubiri

Ndugu yetu aliniuliza, "Basi nikae na majani tu?" La. Tumchukue mtu yule yule, kiwanja kile kile, milioni 5 zile zile, na zile laki tano na kidogo kwa mwezi ambazo angezitoa mfukoni kuziba pengo la benki. Gharama ya kila nyumba moja ndogo ni milioni 13. Akiweka akiba, baada ya miezi 16 anakamilisha nyumba ya kwanza na kuipangisha. Kodi yake safi, kama laki moja na elfu saba kwa mwezi, anaichanganya na akiba. Nyumba ya pili inasimama mwezi wa 37, ya tatu mwezi wa 55, ya nne mwezi wa 71, na ya tano mwezi wa 85. Kwa miaka saba na mwezi mmoja amemaliza zote tano, bila deni, bila rehani. Na miaka 10 ikitimia, kwa fedha ile ile ambayo mkopaji ameitoa mfukoni, huyu ana nyumba tano na takriban milioni 37 mkononi.

Utasema saruji na nondo hupanda bei. Ndiyo, hupanda, na milioni 37 hizo ndizo kinga yake. Utasema mwenye mkopo aliona majengo yake mapema. Ndiyo, aliyaona, lakini kodi yake haikuwahi kulala nyumbani kwake hata usiku mmoja.

Liko pia jambo la mpangaji, ambaye semina hazimtaji ila kama chanzo cha fedha. Mwenye nyumba mwenye deni hawezi kuwa na huruma. Atadai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, atapandisha bila taarifa, atamtoa mjane kwa kuchelewa wiki mbili, kwa sababu naye nyuma yake anasubiriwa na barua ya benki. Asiye na deni anaweza kupokea kodi ya mwezi kwa mwezi. Ni swadaka iliyoje, kumpunguzia mzigo muuguzi au kijana anayeanza maisha!

Wito

Kwa maimamu: hotuba za riba zisiishie kwenye adhabu ya Akhera. Chukueni kalamu, pigeni hesabu mbele ya jamaa, kwani vijana wetu wamesoma na wanataka kuona.

Kwa kamati za misikiti: anzisheni mifuko ya ushirika, ambapo watu watano wanajenga kwa zamu, kila mmoja na hisa zake zilizoandikwa na kushuhudiwa kama Suratul-Baqara aya ya 282 inavyotuelekeza katika kuandikiana madeni. Misikiti yenye ardhi ijenge nyumba za wakfu, hata kama ni chumba kimoja kwa mwaka.

Kwa wenye hati sandukuni: kabla hujasaini, gawanya kodi safi kwa gharama yote, kisha linganisha na riba unayodaiwa. Ukifanya hivyo kwa uaminifu, utaona kuwa alilokataza Mola wako na inalokukataza hesabu, kwa hapa kwetu, ni jambo moja.

Ndugu yetu nilimrudishia karatasi yake Ijumaa iliyofuata, nyuma yake nikiwa nimeandika hesabu hizi zote. Alizisoma akiwa amesimama, akazisoma tena akiwa ameketi. Akauliza swali moja tu: "Mifuko 20 ya saruji inatosha kuanzia msingi wa nyumba ya kwanza?" Hati yake bado iko nyumbani kwake.

Tunamwomba Allah (s.w.t.) atutosheleze kwa halali yake tusihitaji haramu yake, na azitie baraka nyumba zetu, zikiwa ndogo na zikiwa kubwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.